Zeolaiti isiyopinda au kiunzi kinachopumua: kipi kikutenganishie zailini?

Karibu kila mwaka mwanafunzi wa uzamili hunijia na swali lile lile, macho yakiwaka: "Mwalimu, kuna fuwele zinazofunguka na kujifunga zenyewe molekuli ikibisha hodi. Kwa nini viwanda bado vinang'ang'ania zeolaiti za miaka ya sabini?" Tangu Oktoba 2025, Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi walipopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi yao ya viunzi vya metali na ogania, wanaouliza wameongezeka. Ni furaha kwangu, kwa sababu eneo hili linahitaji vichwa vipya. Ila naona wengi wanachagua nyenzo kabla hawajautazama mchanganyiko wao. Hapa nitaanza na mchanganyiko, mmoja tu na mgumu kweli, kisha nitaweka mbele yake nyenzo mbili kandokando: ile isiyopinda, yaani zeolaiti, fuwele ngumu yenye vitundu vidogo mno, na ile inayopinda, yaani viunzi vinavyobadilisha umbo molekuli zikiingia.

Ndugu wanne

Mchanganyiko wenyewe ni zailini. Kwenye mitambo ya kusafishia mafuta hutoka mkondo wenye molekuli za aina nne, kila moja ikiwa na kaboni nane na haidrojeni kumi. Fikiria meza ya duara yenye viti sita. Hiyo ndiyo pete ya benzini. Waketishe wageni wawili, yaani vikundi viwili vya methili. Wakitazamana uso kwa uso, una para-zailini. Wakiacha kiti kimoja katikati yao, una meta-zailini. Wakikaa bega kwa bega, una otho-zailini. Na mmoja akimpakata mwenzake kwenye kiti kimoja, hiyo ni ethilibenzini.

| Molekuli | Huchemka (°C) | Huganda (°C) | Upana (nanomita) |
|---|---|---|---|
| Ethilibenzini | 136.2 | -95 | 0.58 |
| Para-zailini | 138.4 | 13.3 | 0.58 |
| Meta-zailini | 139.1 | -47.9 | 0.68 |
| Otho-zailini | 144.4 | -25.2 | 0.68 |

Kila mmoja ana soko lake. Para ndiye anayetafutwa kuliko wote: anageuzwa kuwa asidi tereftaliki, na asidi hiyo inakuwa poliesta, ile ya mashati na ya chupa za maji. Otho huishia kwenye vilainishi vya plastiki na kwenye rangi. Meta hutoa asidi isoftaliki. Ethilibenzini hugeuzwa stairini, kisha polistairini.

Sasa isome jedwali kwa jicho la mtu anayelipa bili ya umeme. Njia ya kwanza inayokuja akilini ni ukenekaji: chemsha, shika mvuke, upoze. Otho anaweza kutolewa hivyo, kwa mnara mrefu wenye sahani zaidi ya mia, kwa sababu nyuzi tano hivi zinamtenga na meta. Lakini kati ya para na meta kuna nyuzi 0.7 tu. Hakuna mhandisi anayejenga mnara wa nyuzi 0.7. Mwaka 2016 David Sholl na Ryan Lively wa Georgia Tech waliandika katika jarida la Nature kwamba michakato ya kutenganisha, kama ukenekaji, inakula asilimia 10 hadi 15 ya nishati yote inayotumika duniani, na wakaiweka kazi ya kutenganisha ndugu hawa wa benzini kati ya kazi saba ambazo zikipatiwa njia bora zingebadilisha dunia.

Safu ya kuganda inaonyesha mlango mwingine. Para huganda kwenye nyuzi 13.3, mapema mno kuliko wenzake, kwa umbo lake lililonyooka linalopangika vizuri ndani ya fuwele. Ndivyo viwanda vilivyofanya zamani: wakapoza, para akaganda, wakamchuja. Kasoro ni kwamba kadiri para anavyotoka, kimiminika kinachobaki kinahitaji baridi kali zaidi, mpaka inafika hatua meta naye anaanza kuganda pamoja naye. Theluthi moja hivi ya para, au zaidi, inabaki imekwama. Ugandishaji bado unatumika mahali pengine, ila wenye mitambo mipya mingi walihamia kwenye kunasa molekuli ndani ya vitundu. Hapo ndipo ulinganisho wetu unapoanza.

Isiyopinda: zeolaiti

Mfumo unaotawala unaitwa Parex, wa kampuni ya UOP, ulioanza kazi viwandani mwaka 1971. Kiini chake ni zeolaiti ya aina ya faujasaiti, yaani aluminiamu, silikoni na oksijeni zilizofungamana kuwa vyumba vidogo vyenye madirisha, huku ayoni za bariamu na potasiamu zikikaa ndani ya vyumba.

Jambo moja linawashangaza wanafunzi kila ninapolisema. Madirisha ya faujasaiti yana upana wa nanomita 0.74 hivi. Rudi kwenye jedwali: ndugu wote wanne wanapita bila kuinama. Kwa hiyo bingwa wa miaka hamsini si chekeche. Hachuji kwa ukubwa. Anachagua kwa jinsi molekuli zinavyojipanga ndani ya chumba na jinsi zinavyovutwa na ayoni za bariamu. Para anapangika vizuri kuliko wenzake, basi. Tofauti hiyo ni ndogo, na mtambo unaikuza kwa subira: matabaka 24 ya zeolaiti, kimiminika kinachozungushwa, na vali kubwa inayohamisha mahali pa kuingizia na pa kutolea kana kwamba zeolaiti yenyewe ndiyo inayotembea. Kazi hufanyika kwenye joto la nyuzi 180 hivi, na para anatoka akiwa na usafi wa 99.7% au zaidi.

Kumtoa para ndani ya zeolaiti kunahitaji kimiminika kingine kimsukume nje. Kinachotumika sana ni para-diethilibenzini, kinachochemka karibu na nyuzi 184. Baada ya hapo lazima ukeneke ili umtenge para na huyo msukumaji. Lakini sasa kuna nyuzi zaidi ya arobaini kati yao, si 0.7! Uzuri wa Parex naupenda hapo: utenganisho usiowezekana unabadilishwa kuwa utenganisho rahisi. Nishati bado inaliwa, ila inaliwa kwa kazi inayofanyika.

Tabia nyingine za zeolaiti ni zile ambazo hazimvutii mtu kwenye semina lakini zinamlaza usingizi mwendesha mtambo. Ni rahisi kutengeneza kwa tani. Inasindikwa kuwa punje ngumu. Inastahimili joto. Hospitali nyingi za Afrika Mashariki sasa zina mitambo ya oksijeni inayotumia jamaa wa zeolaiti hizi hizi: hewa inasukumwa ndani, naitrojeni inanaswa, oksijeni ya takriban 93% inapita, shinikizo linashushwa, naitrojeni inaachiliwa, na mzunguko unaanza upya, mchana na usiku. Adui wake mkubwa ni unyevu. Zeolaiti inapenda maji kuliko inavyopenda chochote kingine, na ikishiba maji haina nafasi ya mgeni mwingine mpaka ichomwe ikauke.

Tena "isiyopinda" ni namna ya kusema tu. ZSM-5, zeolaiti yenye vitundu vya nanomita 0.55 hivi, hubadilisha mpangilio wa fuwele yake para anapoingia. Para mwenyewe ni mpana kidogo kuliko kitundu kinavyopimwa kwa eksirei, na bado anaingia haraka huku meta na otho wakikwama mlangoni. Kila kiunzi kinapinda kidogo. Kinachotofautisha ni kiasi.

Inayopinda: viunzi vinavyopumua

Viunzi vya metali na ogania, ambavyo wanakemia wanaviita MOF, hujengwa kwa vifundo vya metali vilivyounganishwa na vijiti vya kikaboni. Mwaka 1998 Kitagawa, wa Chuo Kikuu cha Kyoto, alivigawa katika vizazi vitatu: vinavyobomoka ukitoa wageni waliomo ndani, vinavyobaki imara vikiwa tupu, na vinavyobadilisha umbo wageni wakiingia au wakitoka kisha vikarudi kama vilivyokuwa. Kizazi cha tatu ndicho tunachokizungumzia.

Miaka michache baadaye, pale Versailles, Gérard Férey na wenzake walitengeneza MIL-53, minyororo ya kromiamu au aluminiamu iliyounganishwa na asidi tereftaliki. Ndiyo, asidi ile ile inayotengenezwa kwa para-zailini: zao la para limerudi kuwa ukuta wa chumba cha kumtenganishia. Vitundu vya MIL-53 vina umbo la msambamba unaoweza kubanwa na kutanuka. Ile ya aluminiamu ikiwa kavu na yenye joto, imefunguka. Ikinyonya mvuke wa maji wa kawaida, inajibana. Hiyo wanaiita kupumua. Férey na kundi lake walikuwa pia na ndugu zake MIL-88, ambao baadhi yao huvimba hadi ujazo wao unaongezeka mara mbili na zaidi bila kifundo hata kimoja kukatika.

Kuna namna nyingine ya kupinda, ile ya lango. Chukua tabaka za kobalti na baipiridini zilizolaliana moja juu ya nyingine. Zikiwa tupu ziko bapa, hazina kitundu cha kuingiza hata naitrojeni, mithili ya kapu la ukili lililokunjwa na kuwekwa juu ya dari. Mvuke wa zailini ukifika kiwango fulani, tabaka zinaachana na kapu linajaa ghafla. Na kuna kuyumba: ZIF-8, iliyojengwa kwa zinki na methilimidazoli, haibadilishi ujazo wake sana, lakini pete zilizozunguka dirisha zinajigeuza. Eksirei inasema dirisha ni nanomita 0.34, ilhali molekuli za nanomita 0.4 zinapita.

Usidhani wazo hili ni la jana. Mwaka 1957 Schaeffer na wenzake walichapisha kazi ya kutenganisha zailini kwa chumvi ya nikeli, thiosayaneti na methilipiridini, fuwele isiyo na vitundu inayojipanga upya na kumkumbatia para. Ilijulikana miaka kumi na minne kabla ya Parex. Ukitaka kuelewa kwa nini haikushinda, soma sehemu inayofuata kwa makini, kwa kuwa sababu hizo bado zinasubiri kila fuwele mpya.

Wakiwekwa mbele ya zailini

Jambo la kwanza la kulinganisha ni nani anapendwa. Faujasaiti ya bariamu inampenda para. MIL-53 ya aluminiamu, kama maabara ya Dirk De Vos huko Leuven ilivyoonyesha mwaka 2008, inampenda otho: methili zake mbili zilizo bega kwa bega zinauelekea ukuta mmoja kwa pamoja. Zile tabaka za kobalti, zilizochunguzwa na kundi la Michael Zaworotko huko Limerick mwaka 2019, nazo zinampenda otho, na zinameza zailini nyingi mno kwa uzito wake kuliko zeolaiti inavyoweza kubeba. Fuwele za pilarareni, molekuli zenye umbo la nguzo yenye tundu katikati alizozibuni Tomoki Ogoshi mwaka 2008, ziko za aina inayompenda para: kundi la Feihe Huang la Zhejiang lilionyesha mwaka 2018 kwamba fuwele hiyo isiyo na vitundu hujipanga upya kwa ajili yake. Na mwaka 2022, katika jarida la Science, kundi la Jing Li lilionyesha minyororo ya manganizi inayomtambua kila mmoja kati ya para, meta na otho kulingana na joto.

Kwa hiyo ukimtafuta para tu, na kwa wingi, nyenzo inayopinda inashindana na mtambo uliokwisha kunyooshwa kwa miaka hamsini. Ukimtafuta otho, au ukitaka kumtoa ethilibenzini ambaye zeolaiti inamtenga kwa shida, basi inayopinda ina jambo jipya la kukupa.

Jambo la pili ndilo ninalolisisitiza mpaka sauti inakauka. Makala nyingi huonyesha mchoro wa unasaji wa kila molekuli peke yake: para anafungua lango kwa shinikizo dogo, meta kwa shinikizo kubwa zaidi, na kati yao kuna uwazi mpana unaopendeza. Msomaji anahitimisha kwamba ukikaa kwenye uwazi huo, para ataingia na meta atabaki nje. Si lazima iwe hivyo! Lango likishafunguliwa na para, liko wazi, na meta aliyesimama pembeni anaweza kuingia nyuma yake. Aliyefungua mlango si lazima awe peke yake anayepita. Uteuzi wa kweli unajulikana kwa mchanganyiko tu, wala si kwa kulinganisha michoro miwili ya molekuli zilizopimwa kila moja kivyake.

Kwa zailini shida hii ni kubwa zaidi, kwa sababu kiwandani hutenganishwa zikiwa kimiminika. Ndani ya kimiminika hakuna shinikizo dogo la kuchezea. Kila mmoja wa ndugu wanne yuko tele, na malango ya wengi wao yamekwisha kupitwa. Lango lenyewe halichagui tena. Kinachochagua ni jinsi molekuli zinavyokaa ndani ya kitundu kilichofunguka, na hapo kiunzi chetu kinachopumua kinacheza mchezo ule ule wa faujasaiti. Ukiona kazi ya mvuke imetoa uteuzi mkubwa, uliza imejaribiwa kwenye kimiminika? Kama haijajaribiwa, hujui bado.

Tatu ni masalia. Nyenzo yenye lango hainasi chochote chini ya kiwango chake. Ikiwa unataka kuondoa otho kidogo aliyebaki ndani ya meta ili upate usafi wa juu, mkondo wenye otho mchache utapita kana kwamba bomba ni tupu. Zeolaiti inanasa hata kiasi kidogo sana, kwa maana mvuto wake hauna ngazi. Nyenzo inayopinda ni ya kugawa mafungu makubwa. Kung'arisha mwishoni ni kazi ya zeolaiti.

Ila ngazi hiyo hiyo ni baraka upande wa kutoa. Zeolaiti inayoshika kwa nguvu inaachia kwa shida: lazima uchome, au uvute ombwe kali, au ulete msukumaji kama para-diethilibenzini. Nyenzo yenye lango inajaa ghafla na inamwaga ghafla, hivyo mabadiliko madogo ya shinikizo au joto yanatosha kutoa karibu kila kilichoingia. Kuna faida nyingine niipendayo zaidi. Unasaji hutoa joto, na joto hilo huharibu unasaji wenyewe. Kiunzi kinapofunguka hutumia nishati kujifungua, na sehemu ya joto inaishia hapo. Jeffrey Long na wenzake wa Berkeley walilionyesha hili mwaka 2015 kwa methani kwenye kiunzi cha kobalti kinachopumua. Kwa mtambo wa nguzo kubwa, ambako joto halina pa kutokea, hiyo si faida ndogo.

Halafu kuna mambo ya mkononi. Nyenzo inayovimba kwa hadi nusu ya ujazo wake ndani ya nguzo ya chuma inasukuma wenzake, punje zinasagika, unga unaziba. Ukiifunga kwa gundi ili punje ziwe ngumu, huenda umeinyima nafasi ya kupumua. Hata ukubwa wa fuwele una neno: mwaka 2013 kundi la Kitagawa lilionyesha kwamba kiunzi kile kile kikitengenezwa kwa fuwele ndogo sana kinaweza kukataa kurudi kwenye umbo lake la kufungika. Maana yake ni kwamba ukisaga sampuli yako kabla ya kupima, unaweza kuwa umepima nyenzo nyingine. Pia viunzi hivi vinafunguka kwa kiwango kimoja na kujifunga kwa kingine kilicho chini zaidi, na mzunguko wa mtambo lazima uvuke vyote viwili. MIL-53 ya aluminiamu ina pengo la aina hii hata kwa joto: ikiwa tupu hujibana ikipozwa sana, na ukianza kuipasha haifunguki mpaka ipite mbali na pale ilipojibana.

Na unyevu. Niliwahi kukausha MIL-53 vizuri, nikaiacha kwenye chupa isiyofungwa sawasawa, msimu wa masika, jiji la pwani. Asubuhi eksirei ilionyesha vitundu vimejibana, na matokeo ya wiki nzima ikabidi yatupwe. Zeolaiti ingekuwa imelowa pia, lakini umbo lake lingebaki lile lile, na ningegundua mapema. Kwa inayopinda, historia ya sampuli ni sehemu ya sampuli. Andika kwenye daftari ilikaushwa lini, kwa joto gani, na imekaa wapi.

Ukiacha zailini

Sitaki uondoke ukidhani inayopinda inashindwa kila mahali. Zailini ni uwanja wa nyumbani wa zeolaiti. Kuna viwanja vingine.

Propilini na propani, kwa mfano, huchemka kwenye nyuzi -47.6 na -42.1, na minara inayozitenganisha ni mirefu na yenye njaa ya nishati. ZIF-8 inazitenganisha kwa mwendo: propilini hupenya kwa kasi inayozidi ya propani mara 125 hivi, yote kwa sababu ya dirisha linaloyumba. Hapa kupinda kunafanya kazi kama utando mwembamba, si kama punje za kunasa, kwa hiyo shida za kuvimba na kumwaga hazina uzito. Kwa jozi hii ningeanza na ZIF-8 bila kusita.

Ethilini na ethani ni kisa kizuri zaidi. Zeolaiti nyingi na viunzi vingi vinaishika ethilini, kwa kuwa kifungo chake maradufu kinavutwa na ayoni za metali. Kumbe ethilini ndiyo unayoitaka, na sasa uifukuze ndani ya vitundu. ZIF-7, ndugu wa ZIF-8, inageuza mambo: lango lake linafunguka kwa ethani kwanza, kama kundi la Delft lilivyoripoti mwaka 2010, na ethilini inapita moja kwa moja ikiwa imesafishika. Hili zeolaiti ya kawaida haikupi.

Stairini na ethilibenzini nazo zinafaa kutajwa. Stairini ikipashwa hushikana yenyewe kuwa plastiki ndani ya mnara, ndiyo maana hukenekwa chini ya ombwe na kwa dawa za kuizuia. Fuwele za pilarareni huitenganisha bila moto mkali. Na mfano unaonivutia kuliko yote ni maji na maji mazito (yale yenye haidrojeni nzito), ambayo tofauti yake ya kuchemka ni nyuzi 1.4 na ukubwa wa molekuli ni ule ule. Mwaka 2022 Kitagawa na Cheng Gu walionyesha katika Nature viunzi vya shaba vyenye vibao vinavyopepea mlangoni. Vibao vinaruhusu maji ya kawaida kupita haraka kuliko maji mazito. Hakuna kitundu kisichopinda ambacho kingepata upenyo hapo, maana hakuna tofauti ya ukubwa ya kushika.

Ningechagua nini

Kama unaendesha au unashauri mtambo wa para-zailini, kaa na zeolaiti. Sisemi hivyo kwa kuogopa mapya. Mkondo wako ni kimiminika, unahitaji usafi wa juu, na punje zako lazima ziishi miaka. Kwa kila moja ya hayo matatu inayopinda bado haijajibu.

Kama tatizo lako ni mvuke au gesi, mafungu makubwa, na gharama kubwa iko kwenye kuachilia, inayopinda inastahili fedha zako. Hasa kama mchafu ndiye unayetaka anaswe na safi apite, au kama bidhaa yako inaharibika kwa joto.

Kama wewe ni mwanafunzi na maabara yako haina vifaa vingi, anza na ZIF-8. Nitreti ya zinki, methilimidazoli, methanoli, kukoroga kwenye joto la kawaida, na ndani ya saa moja hivi una unga mweupe. Haipendi maji, kwa hiyo unyevu wa pwani hauisumbui. MIL-53 ya aluminiamu ni hatua ya pili: inataka chombo cha shinikizo, maji ya nyuzi 220 kwa siku tatu, kisha kuchomwa kwa nyuzi 330 ili asidi iliyokwama vitunduni itoke. Ni kazi, ila malighafi zake ni za bei nafuu, na ukishaipata inavumilia joto kali. Tabaka za kobalti na pilarareni ziache mpaka upate mshirika mwenye eksirei ya unga inayoweza kupima sampuli ikiwa ndani ya mvuke. Bila hiyo hutaona lango likifunguka, utabaki kukisia.

Na chochote utakachochagua, weka zeolaiti ya 13X, faujasaiti ya kawaida yenye sodiamu, kwenye bomba la pili, ujazo ule ule, joto lile lile, mchanganyiko ule ule. Pitisha ndugu wote wanne kwa pamoja tangu siku ya kwanza, usiwapime mmoja mmoja kwa miezi sita. Tazama nani anatoka kwanza na nani anachelewa, kisha rudia mara ishirini bila kubadilisha punje. Ukifika mzunguko wa ishirini na bomba lako halijaziba, na otho bado anachelewa kama alivyochelewa mara ya kwanza, nipigie simu. Nitakuja kuliona bomba hilo kwa macho yangu.